Moto Uliwaka, Boila Haikuuona

Simu iliita saa kumi alfajiri. Alikuwa msimamizi wa dobi kwenye hoteli moja ya Bamburi, Mombasa, ninayoihudumia. "Fundi, mvuke hakuna, na mashuka ya jana yote yako majini." Nikatoka Kisauni kwa bodaboda.

Nilimkuta kijana wa zamu mbele ya paneli, kidole kiko juu ya kitufe cha riseti. Nikamuuliza amebonyeza mara ngapi. "Mara tano, kaka." Nikamwomba aondoe mkono. Kila jaribio linaloshindwa linaweza kubakisha gesi ndani ya tanuri, na LPG, gesi ile ile ya mitungi, ni nzito kuliko hewa, hutulia chini. Ndiyo, feni hupuliza kabla ya kila jaribio, lakini mimi siweki roho ya mtu juu ya feni peke yake. Boila zimewahi kulipuka kwa riseti moja iliyozidi. Nilifunga kwa mkono valvu ya laini kuu ya gesi, nikachuchumaa nikanusa karibu na sakafu na kwenye viungo vya bomba, kisha nikaacha feni ipulize kwa dakika kadhaa.

Laini kuu ikiwa bado imefungwa, na ya pailoti, ule moto mdogo unaowasha moto mkubwa, ikiwa wazi, nikaiwasha boila nikiwa nimeweka jicho kwenye kioo cha kuchungulia. Feni ikapuliza. Cheche zikalia, ta-ta-ta-ta, pailoti ikashika, moto wa buluu ukasimama vizuri. Sekunde kumi zikapita, valvu ikajifunga, taa nyekundu ikawaka.

Hapo ndipo watu wengi huanza kununua vipuri. Kijana alishaambiwa na mwenzake kwa simu kwamba transfoma ya cheche imekufa. Lakini cheche niliziona kwa macho yangu, na moto niliuona. Presha ya gesi kwenye pailoti niliipima kwa manomita, ikawa pale pale kitabu kinapotaka. Basi gesi ipo, cheche ipo, moto upo. Kilichobaki ni kimoja: kontrola, kile kisanduku kinachoongoza uwashaji, haikuwa na habari kwamba moto umewaka.

Bana hii, yaani kichomeo cha gesi cha boila, hutambua moto kwa fimbo ya chuma inayokaa ndani ya mwali wa pailoti. Kontrola hupeleka umeme kwenye fimbo, mwali wenyewe unaupitisha hadi kwenye mwili wa bana, na kutoka hapo unarudi kwa njia ya athi, yaani waya wa ardhini. Kwa kuwa mwili wa bana ni mpana kuliko fimbo, umeme hupita zaidi upande mmoja, na kontrola hutafuta alama hiyo tu. Ni mkondo mdogo mno, wa kuhesabiwa kwa maikroampea. Nilichomoa waya wa fimbo, nikaunganisha mita katikati, nikawasha tena. Ikasoma 0.4, ikashuka, ikapanda, ikapotea. Kitabu cha kontrola hii kinataka isipungue 2.

Nilitoa fimbo kwanza. Kigae chake, kinachozuia umeme usivuje, kilikuwa na utando mweupe wa chumvi. Chumba cha boila kinatazama bahari, na upepo wa kusi ukivuma hakuna kinachopona. Nikakifuta kwa kitambaa na spiriti, fimbo nikaipitishia msasa laini. Mita ikapanda hadi 0.9. Afadhali, lakini bado.

Nikampigia mzee aliyenifundisha kazi Changamwe, mtu aliyezeekea kwenye boila za meli pale Kilindini. Hata salamu hazikwisha: "Mwanangu, athi umeitazama?"

Sikuwa nimeitazama. Nilipomulika tochi nikaona bamba la mbele linang'aa. Lilikuwa limepakwa rangi ya fedha siku chache nyuma, na aliyelipaka alifungua pailoti, akapaka mpaka chini ya vichwa vya bolti, kisha akairudisha juu ya gasketi mpya. Waya wa athi nao ulikuwa umeota kutu ya kijani kwenye ncha. Kati ya bomba la pailoti na mwili wa boila, mita mara ilisoma, mara ikakatika. Cheche ina volti elfu kadhaa, inaruka rangi kama haipo. Ishara ya moto haina nguvu hiyo. Ndiyo maana cheche zilikuwa nzuri na kontrola bado kipofu.

Nikakwangua rangi chini ya bolti mpaka chuma kitupu, nikakata ncha ya waya na kufunga mpya. Nikawasha: 5.2, imetulia tuli.

Nikafungua laini kuu, moto mkubwa ukaunguruma. Kisha nikafanya jaribio ambalo siliachi hata msimamizi akiwa amesimama mgongoni: nikachomoa waya wa fimbo bana ikiwa inawaka, kuhakikisha valvu zinafunga mara moja. Zikafunga. Nikarudisha waya, feni ikapuliza upya, tukaendelea.

Saa moja na nusu asubuhi mvuke ulifika dobi. Kijana nilimwachia mita na daftari, asome mkondo wa moto kila Jumatatu na kuandika. Wiki ya sita aliponitumia picha ya ukurasa, namba ilikuwa imeshuka hadi 3.8. Alikuwa ameshafuta kigae bila kuniuliza.