Usikubali haraka kupigiwa Windows

Mafundi wengi wa kompyuta hapa Tanga wana dawa moja kwa kila ugonjwa. Mashine nzito? Piga Windows, yaani futa kila kitu uiweke upya. Printa haisomi? Piga Windows. Matangazo yanaruka kwenye kioo mpaka huoni unachoandika? Piga Windows, acha elfu ishirini, njoo saa kumi. Sisemi dawa hiyo haifanyi kazi. Inafanya, kama vile kubomoa nyumba kunavyomaliza kunguni.

Kompyuta yetu ni ya mezani, iko sebuleni, na kila mtu anaigusa. Mimi natungia mitihani na kuandikia maazimio ya kazi. Mwanangu wa kidato cha tatu anapakua pasti pepa za NECTA. Baba watoto anasoma habari za mpira na kubishana na watu asiowajua. Intaneti ni ya hotspot ya simu yangu, kwa hiyo kila kinachopita mle ndani kinakula bando langu.

Na bando ndilo lililosema kwanza. La wiki likawa linakatika Jumatano, na hakuna aliyeangalia video. Halafu yakaja ya kuonekana kwa macho. Ukifungua Chrome, kivinjari tunachoingilia intaneti, inakupeleka kwenye ukurasa wa kutafutia wenye jina la ajabu ajabu. Ukitafuta uhakiki wa ushairi, matokeo ya juu yote ni ya kubeti na dawa za kupunguza kitambi. Kwenye kona ya chini kulia vikawa vinachomoza visanduku: umeshinda simu, mkopo wa dakika mbili, na kile cha kutisha chenye picha ya ngao, kinachosema kompyuta yako ina virusi vitano, bofya hapa usafishe. Vilikuwa vinatoka hata ukiwa ndani ya Word. Siku moja tumekaa na mwalimu mwenzangu tunapitia maswali ya fasihi, likachomoza tangazo la dada ambaye nguo zilikuwa hazijamtosha. Mwenzangu ni mstaarabu, akageukia feni.

Nikaibeba mashine mpaka kwa fundi mmoja Ngamiani. Hakuiwasha. Alisikiliza maneno mawili matatu, akasema, "Hii madam ni kupiga Windows tu." Mafaili yangu je? "Yaliyo drive C yanaondoka." Mitihani yangu ya miaka yote iko Desktop, picha za msiba wa baba ziko Desktop, na Desktop ndiyo hiyo hiyo drive C. Angeweza kuniambia tuyahamishe kwanza, lakini hakusema. Nikaita bajaji, nikarudi na mzigo wangu.

Msaada wenyewe ulitoka kwa kijana niliyemfundisha, siku hizi anahudumia kompyuta za ofisi moja Dodoma, alikuja nyumbani likizo. "Shikamoo madam, nimesikia mashine inaumwa." Akaletewa chai na kiti, lakini kibodi hakuigusa. Akaanza kuhoji. Matangazo yanatokea ndani ya kurasa au pembeni ya kioo? Yalianza baada ya kupakua kitu gani? Nani anaingia kwa akaunti ipi? Mmeshajaribu kufuta nini? Mwanangu alikuwa amejibanza mlangoni, na maswali yalipomfikia akakumbuka kwamba alitafuta programu ya kuunganisha PDF, ili pasti pepa za miaka tofauti ziwe faili moja. Ukurasa ule ulikuwa na vitufe vinne vya kupakua, vyote vikubwa, vyote vya kijani. Cha kweli kilikuwa kile kidogo cha maandishi tu.

"Humu kuna mambo mawili, madam," kijana akasema, "na kila moja lina tiba yake."

La kwanza ni vile visanduku vya kwenye kona. Mimi nilikuwa na hakika ndiyo virusi. Kumbe ni arifa, zile zile ambazo gazeti au benki hukutumia kupitia kivinjari, na zinatumwa kwa sababu mtu alikubali. Kuna kurasa zinakuwekea picha ya roboti na kukwambia ubofye Ruhusu ili kuthibitisha wewe ni binadamu. Ukibofya, hujathibitisha chochote. Umewapa kibali cha kukuletea matangazo muda wowote Chrome ikiwa hai, hata kama dirisha lake umelifunga. Akaingia Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Ikashuka orodha ya anwani ambazo hazifanani na neno la lugha yoyote, herufi zimemwagwa tu. Akaziondoa moja moja, kisha akaweka kwamba tovuti zisiruhusiwe kabisa kuomba kutuma arifa. Chai ilikuwa bado ya moto, na ile ngao ya virusi vitano haijaonekana tena. Kama matangazo yako ni ya namna hii tu, huhitaji fundi. Fanya hivyo sasa hivi. Kwenye simu ya Android mpangilio huo upo pia, ndani ya Chrome.

La pili ndilo lililokuwa na mizizi. Alizima hotspot kwanza ili mashine isiwasiliane na mtu wakati tunaitibu. Kisha akachomeka diski ya nje, akanakili nyaraka na picha zangu. Programu hakunakili hata moja, ili tusihamishe ugonjwa. Hapo nilishusha pumzi, kwa sababu sasa hata ikilazimika kupigwa Windows kweli, msiba wa baba uko salama.

Akafungua orodha ya programu zilizomo, akaipanga kwa tarehe ya kuwekwa. Hapo ndipo nilipopenda kazi yake. Programu nne zilikuwa na tarehe moja: kiunganishi cha PDF, kitu cha kuongeza kasi ya kompyuta, kitu cha hali ya hewa, na kivinjari kingine kabisa kinachojifanya ndugu wa Chrome. Mwanangu aliomba kimoja akaletewa vinne. Ndivyo biashara yenyewe inavyokwenda: mwenye programu ya bure hulipwa kwa kila abiria anayempakia ndani ya kisakinishi chake, na abiria naye hulipwa kwa kila tangazo tunalolibofya. Wale abiria hutajwa kwenye kile kidirisha ambacho watu wote hubofya Endelea, Endelea, Endelea. Ukichagua njia ya Custom badala ya Express, mara nyingi unawakuta wamekaa na alama zao za vema, unawateremsha.

Tulipoziondoa, ile ya hali ya hewa ikaleta kidirisha cha kubembeleza, kitufe cha Baki kimenona, cha Ondoa kimeandikwa kijivu juu ya kijivu. Kijana akacheka, "Hii imesomea saikolojia."

Lakini ule ukurasa wa kutafutia ulikuwa bado umekaa. Kwenye viendelezi vya Chrome, vile viprogramu vinavyopachikwa ndani ya kivinjari, kulikuwa na kimoja kisicho na kitufe cha kuondoa, na juu pameandikwa kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika lako. Shirika gani? Kompyuta iko sebuleni kwangu, shirika ni mimi. Akanieleza kwamba maofisi yana njia halali ya kulazimisha kiendelezi fulani kiwepo kwenye mashine zote za wafanyakazi, na watu wa matangazo wanaitumia njia hiyo hiyo. Akaandika chrome://policy pale juu, tukaiona sera yenyewe imejiandika, ExtensionInstallForcelist, na mbele yake jina refu la kile kiendelezi. Akafungua rejista ya Windows, lile daftari la ndani la mipangilio yake. Kabla ya kugusa akahifadhi nakala yake, kisha akafuta mistari ile chini ya Policies. Kitufe cha kuondoa kikarudi. Sehemu hii nakushauri usiijaribu peke yako ukiwa na usingizi. Rejista ukifuta pasipofaa, mashine inaweza isiwake.

Akabofya ikoni ya Chrome kwa kitufe cha kulia cha mausi, akafungua Properties, akaniita nisogee. Kwenye ule mstari wa Target, njia ya kwenda kwenye chrome.exe inafungwa kwa alama za nukuu na inatakiwa iishie hapo. Yetu haikuishia hapo. Baada ya nukuu kulikuwa na nafasi, kisha anwani ya ule ukurasa. Yaani hata ungebadilisha mipangilio yote, kila ukibofya ikoni ile unakuwa umeuita mwenyewe. Akafuta kile kimkia, akahifadhi.

Ya mwisho kwa mkono ilikuwa kwenye Task Scheduler, mahali Windows inapoweka ratiba ya kazi zake. Kulikuwa na kazi yenye jina la herufi za kubahatisha, imepangwa kuamka kila mtu anapoingia kwenye mashine, ikiendesha faili lililofichwa ndani ya folda ya AppData. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikirudisha kila nilichofuta. Akaifuta ratiba, akalifuta na faili.

Baada ya hapo ndipo akatoa flashi yake yenye AdwCleaner. Niliuliza kwa nini hakuanza nayo tukaokoa muda. Akasema angeanza nayo ningeona orodha imefutwa bila kujua kilichotokea, na mwezi ujao ningempigia tena. Hoja ya kiualimu, nikanyamaza. AdwCleaner ni ya bure, haihitaji kusakinishwa, na kazi yake ni moja, kutafuta takataka za matangazo. Ilitengenezwa na Mfaransa mmoja, kampuni ya Malwarebytes ikainunua mwaka 2016. Ipakue kwao wenyewe na si kwingine, maana zimewahi kutembea AdwCleaner feki zinazodai pesa. Ilikuta mabaki tuliyoyapita bila kuyaona, folda tupu na mistari ya rejista, ikayaweka karantini na kuomba mashine iwashwe upya. Kisha akaiachia Windows Defender, kinga iliyomo ndani ya Windows yenyewe, ifanye ukaguzi wake wa nje ya mtandao, ule ambao mashine inazima na kuwaka kwenye kioo cha peke yake. Hakikukutwa kitu kingine.

Wakati huo unaendelea tulikuwa tunakula wali wa nazi, na baba watoto akasema dawa ni kununua kompyuta mpya kabisa ya boksi. Kijana akamkumbusha habari ya Superfish. Mwaka 2015 iligundulika kwamba baadhi ya laptop za Lenovo zilikuwa zinauzwa zikiwa na programu hiyo ya matangazo tangu kiwandani. Ilikuwa imejiwekea cheti chake cha usalama ndani ya Windows, hivyo inaweza kuchungulia hata kurasa zenye kufuli, za benki zikiwamo. Lenovo iliishia kufikia makubaliano na tume ya biashara ya Marekani, FTC, na majimbo 32, mwaka 2017. Mume wangu akaomba aongezewe samaki.

Kabla hajaondoka aliniwekea mambo matatu. Akawasha kwenye Windows Security kinga ya programu zisizotakiwa, ambayo kwetu ilikuwa imezimwa. Akaweka uBlock Origin Lite, kizuia matangazo, kwenye Chrome. Na akamfungulia mwanangu akaunti yake isiyo na mamlaka ya kusakinisha kitu, mpaka mimi niandike nywila. Hilo la tatu limezua kesi nyumbani. Kijana wangu anaona amehukumiwa kwa kosa la kuunganisha PDF, na mimi naona kila mtu humu ndani angestahili akaunti ya namna hiyo. Yangu ya kutungia mitihani nimeifanya hivyo pia.

Nilidhani yameisha, lakini wiki iliyofuata ule ukurasa wa kutafutia ukarudi kwa baba watoto peke yake. Nilimpigia kijana, ameshafika Dodoma, akauliza swali moja tu: "Baba ameingia kwenye Chrome kwa Gmail yake?" Ameingia. Basi ndiyo hivyo, usawazishaji. Google hukumbuka viendelezi vya akaunti yako ili ukihamia mashine nyingine uvikute, na inakumbuka vibaya sawasawa na vizuri. Mashine tumeisafisha, nakala ikabaki kwenye akaunti, alipoingia ikamfuata. Tiba ilikuwa kuzima usawazishaji, kwenda kwenye ukurasa wa akaunti na kufuta data iliyosawazishwa, kukiondoa kiendelezi, halafu kuwasha upya. Tulimaliza kwa simu, yeye anaelekeza, mimi nabofya, mume wangu anauliza kama alamisho zake za mpira, zile kurasa alizojiwekea alama, zitapotea. Tulizihifadhi kwanza kwenye faili, hazikupotea.

Pesa kijana alikataa, nikamtumia nauli kwa M-Pesa akashindwa kuirudisha. Bando la wiki sasa linafika Jumapili.

Kilichobaki ni Windows 10 yenyewe. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yetu kwa uzee wake haipokei Windows 11. Kijana ametuandikisha kwenye ule mpango wa nyongeza unaoleta masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026, na baada ya hapo anapendekeza Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Mimi nimekubali, kwa sharti kwamba mitihani ifunguke bila kuharibika majedwali. Baba watoto bado anadai aonyeshwe kwanza kama mpira unaonekana.