Meza ya CNC ya plazma kwa mtu wa hobi: anza na hewa, ukubwa baadaye

Nimeshaamua. Meza yangu itakuwa ya futi 4 kwa futi 2, fremu tunachomelea hapa hapa Mwanga, Kigoma, na kutoka nje naagiza vile tu ambavyo fundi wa hapa hawezi kutengeneza, yaani reli, mota, kontrola na kile kifaa cha kupandisha na kushusha tochi ya kukatia. Naandika hii kwa sababu kila mtu nikimwambia nataka CNC ya plazma swali la kwanza ni "ukubwa gani?", wakati kwa mtu wa hobi, tena aliyekaa huku mwisho wa reli, ukubwa ndo kitu cha mwisho kukuumiza kichwa.

Kwa asiyejua, hii ni plazma ile ile ya kukatia chuma kwa mkono, ila tochi imefungwa kwenye mkono unaotembezwa na kompyuta. Hewa ya kompresa inapita kwenye nozeli yenye tundu dogo sana, umeme unaruka humo humo, hewa inakuwa na joto la maelfu ya digrii, inayeyusha chuma na kukipuliza chini. Basi. Maua ya geti, vibao vya majina, braketi, flenji, unachora kwenye kompyuta na mashine inakata. Fundi mmoja wa mageti jirani yangu alivyosikia tu akaniambia, "Kaka, mi nikuletee mchoro, we nikatie, ua moja bei gani?" na mashine hata sijaagiza.

Kishawishi ni kuchukua meza ya futi 8 kwa 4 kwa sababu shiti inauzwa hivo. Achana nacho. Shiti unakata vipande dukani au nyumbani kwa grenda, na meza ndogo ukiacha mbele na nyuma wazi unaweza kusukuma kipande kirefu ukakata kwa awamu. Halafu kuna maji. Meza nzuri ya nyumbani inakuwa na trei ya maji chini ya chuma, yanameza vumbi na cheche, sasa kina cha sentimita 10 tu kwenye meza ya 8 kwa 4 ni karibu lita 300, kwenye ya 4 kwa 2 ni kama lita 75, ndoo nne za lita 20 umemaliza. Na mzigo wa kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, kwa nini ulipie usafiri wa skwea paipu ambazo hata Mwanga zipo?

Haya, hewa. Hapa ndo pesa inapotakiwa kwenda na ndo hapa watu wanapobana. Mashine ya ampea 40 au 45 inataka hewa kama lita 150 hadi 200 kwa dakika, mfululizo, kwa presha ya kama bar 5 au 6, sio kwa kupuliza tairi mara moja ukaacha. Kompresa ndogo ya tenki la lita 50 inaandikwa lita 200 kwa dakika pembeni lakini soma vizuri, mara nyingi hiyo ni hewa inayofyonzwa, inayotoka kweli ni pungufu sana, kwa hiyo itakimbia bila kupumzika, itapata moto, na hewa ya moto inabeba maji mengi zaidi. Bora ya mkanda, yenye silinda mbili, tenki la lita 100 na kuendelea.

Na maji sasa. Sisi tuko pembeni ya ziwa. Chukua siku ya masika, joto 27, unyevu asilimia 80, kila mita ya ujazo ya hewa ina kama gramu 20 za maji. Mashine inayokula lita 180 kwa dakika inafyonza karibu mita za ujazo 11 kwa saa, zidisha mwenyewe, ni zaidi ya gramu 200, yaani glasi nzima ya maji kila saa inaingia kwenye kompresa yako. Kiasi kinabaki kwenye tenki, ndo maana ya ile koki ya chini ambayo watu hawaifungui mpaka tenki linaoza, kingine kinaenda kwenye tochi na kinakula nozeli na elektrodi (kile kipande cha ndani ya tochi ambako umeme unarukia) kama pipi. Ukiona cheche ya plazma inatema mate na mkato umepinda upande mmoja wakati nozeli ni mpya, usilaumu kompyuta.

Dawa yake haina mambo mengi: kabla ya hewa kufika kwenye mashine ipitishe kwenye bomba refu la chuma lililofungwa ukutani, lipande na kushuka, kila linaposhuka weka koki chini, humo hewa inapoa na maji yanadondoka. Halafu filta, halafu chupa ya silika jeli, zile punje zinazobadilika rangi zikishiba maji. Zikibadilika unazikausha kwa moto mdogo na zinarudi kazini. Ila sufuria ya kuzikaushia iwe yake peke yake, za bluu zina kobalti, usije ukapikia ugali humo aisee.

Umeme nao. Sie wa Kigoma tulikaa miaka mingi na majenereta ya dizeli, sa hivi tunaongelea gridi, lakini gridi haimaanishi soketi yako inaweza. Mkato wa ampea 40 una volti kama 96 kwenye tochi, hiyo ni karibu kilowati 4, ukiongeza hasara za mashine yenyewe inavuta kwenye ampea 20 na zaidi za volti 230, na soketi ya ukutani ni ampea 13. Kompresa nayo juu yake, na ikiwa inaanza inavuta mara kadhaa. Kwa hiyo waya wa peke yake kutoka kwenye breka, mnene, kompresa na plazma kila moja na laini yake, na ethi ya kweli iliyochimbiwa ardhini, sio ile ya kufunga kwenye bomba la maji.

Kwenye kuchagua mashine yenyewe ya plazma nina sharti moja tu ambalo silegezi: isiwe ya kuwasha kwa HF. Hizo za bei rahisi nyingi zinawasha kwa cheche ya masafa ya juu, kwa mkono hazina shida, lakini ukiweka kompyuta karibu ile cheche inaingia kwenye waya za mota na USB, meza inasimama katikati ya kazi au inapotea njia. Tafuta inayowasha kwa hewa kusukuma elektrodi nyuma, na yenye tochi nyoofu ya mashine. Ikiwa na plagi ya CNC nyuma, kama Powermax 45 ya Hypertherm, raha, ila bei yake inaumiza na mimi nitaenda na ya Kichina.

Kitu cha pili ni THC, kile kifaa cha kupandisha na kushusha tochi, kinachosoma volti ya ule moto wa plazma na kurekebisha kimo cha tochi chenyewe. Wauzaji wanakiweka kama cha hiari. Kwa pleti nene ya milimita 6 iliyonyooka unaweza kuishi bila hicho, lakini sisi huku kazi kubwa ni geji 16 na 18, yaani shiti nyembamba, na hiyo ikipata joto inavimba. Simama pembeni uangalie: tochi inatembea milimita moja na nusu juu ya chuma, imefika katikati ya ua, shiti imeinuka kama chapati, ncha ya nozeli inagusa, kipande kinasukumwa, kazi imeharibika na nozeli pia. Kwa hiyo mimi napunguza ukubwa wa meza ili nilipe THC.

Mota usihangaike na kubwa. Plazma haigusi chuma, haina nguvu inayorudi kama mashine ya kuchonga, inachotaka ni wepesi, kwa sababu shiti nyembamba inakatwa kwa mita kadhaa kwa dakika na kwenye kona mashine ikizubaa inachoma shimo. Mavi ya chuma yaliyoganda chini ya mkato yatakwambia kasi yako: yakiwa mengi, mazito na yanabanduka kwa kugonga kidogo, unaenda polepole mno, yakiwa ushanga mwembamba mgumu mpaka grenda, unakimbia. Na mashine izunguke kisaa nje ya umbo, kinyume cha saa kwenye matundu, kwa sababu upande wa kulia wa tochi ndo unaotoka wima. Tundu dogo kuliko mara mbili ya unene wa chuma usilikate, toboa kwa drili.

Programu nachukua za bure, Inkscape kuchora na LinuxCNC kuendesha, ina sehemu yake ya plazma kabisa na inakubali kompyuta ya zamani bila intaneti. SheetCAM ya kulipia, ile ya kugeuza mchoro kuwa njia ya tochi, nitaifikiria kazi za watu zikianza.

Mabati ya zinki sitakata ndani ya kibanda, moshi wake unaleta homa na kutetemeka usiku, na aluminiamu juu ya maji inatoa haidrojeni, hiyo nayo hapana mpaka nitoe maji. Kwa sasa kilichobaki ni kompresa, kwa hiyo mdau wa Kigoma au Tabora mwenye ya mkanda anayotaka kuiuza anishtue, nitakuja na spana, nafungua koki ya chini kwanza ndo tuongee bei.