Chumba cha kamera kasinoni: mikono kwanza, nyuso baadaye

Wengi wanaoomba kazi ya chumba cha kamera katika kasino za Kampala hujisifia kumbukumbu ya nyuso. Ni kipaji kizuri, ila uso una kazi baadaye, mtu akishaanza kutafutwa. Mezani kinachoiba ni mkono, na asiyeujua mchezo ataukodolea macho mkono huo usiku kucha asione kitu.

Anza na hesabu za malipo. Gurudumu la ruleti, mchezo wa kubahatisha namba ambayo mpira utaangukia, likiwa na sifuri moja lina vishimo 37, na dau la namba moja pekee likishinda hulipwa 35 kwa 1. Mteja ameweka chipu (vibao vinavyotumika badala ya pesa mezani) tatu za shilingi 5,000 juu ya 17, mpira ukaangukia 17: anadai 525,000, yaani chipu 105. Chipu zikipangwa ishirini ishirini, utarajie mafungu matano na chipu tano pembeni. Likisukumwa fungu la sita, ulijue kabla mchezeshaji hajarudisha mkono.

Wizi unaojirudia kwenye ruleti ni dau la kuchelewa. Mpira umeshatua, mchezeshaji ameinama kusoma namba. Hapo mtu wa upande wa pili wa meza anamwaga kinywaji au anazusha swali, na mwenzake anapenyeza chipu ya thamani kubwa chini ya ile ndogo iliyoshinda. Yote hufanyika kabla alama ya ushindi haijawekwa juu ya namba, ndani ya sekunde mbili tatu. Ukishuku, rudisha picha hadi pale mchezeshaji anapofunga madau, isimamishe, uhesabu chipu zilizokuwapo.

Mchezeshaji naye, kabla ya kujigusa mwilini au kuondoka mezani, anapaswa kugonganisha viganja na kuvigeuza ndani nje chini ya kamera. Asipofanya hivyo hajawa mwizi, lakini amekupa sababu ya kurudi nyuma dakika tano. Malipo ya ziada mara moja huenda ni uchovu. Yakimwangukia mteja yuleyule zamu tatu, fungua faili. Ndiyo maana naamini kabisa kwamba chumba cha kamera hakipaswi kuwa chini ya meneja wa michezo: huwezi kumchunguza anayekupangia likizo.

Sasa mitambo. Kamera ya meza irekodi picha 25 kwa sekunde. Ukishusha hadi 8 ili kubana nafasi, chipu inahama kati ya picha moja na nyingine na huna ushahidi. Nafasi hupigiwa hesabu mapema. Kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hula takribani gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 60 kwa siku 14 zinataka terabaiti 36 hivi, na diski za akiba juu yake.

Umeme ukikatika, jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka. Wengi huunganisha UPS (betri ya dharura) kwenye mashine ya kurekodi pekee, wakasahau swichi ya mtandao inayolisha kamera umeme. Matokeo yake mashine haizimi, lakini inarekodi giza, nazo kamera huchukua muda mwingine kuamka. Swichi nayo iwe kwenye UPS, na kila mwezi chomoa umeme wa ukutani kwa makusudi uone kinachozimika.

Kisheria, Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya 2016 inakataza aliye chini ya miaka 25 kucheza, kwa hiyo kamera ya mlangoni ioneshe uso na kitambulisho kikikaguliwa. Kwenye dirisha la keshia, muhimu ni sheria ya utakatishaji fedha ya 2013: taslimu inayofikia shilingi milioni 20 huripotiwa, iwe kwa mkupuo mmoja au kwa vipande vinavyohusiana. Mwangalie anayenunua chipu za milioni 18, akacheza mizunguko miwili, kisha akadai pesa zake. Ripoti ya shaka huenda kwa Mamlaka ya Ujasusi wa Fedha, na mteja haambiwi. Kumdokezea ni kosa la jinai.

Ripoti yenyewe iandike kile jicho lilichoona: "22:41:07, meza ya 3, mkono wa kulia wa mteja mwenye shati jeupe waweka chipu juu ya 17 baada ya mpira kutua." Neno "aliiba" waachie mahakama. Usiandike "saa nne na dakika 41" hata kidogo, maana msomaji mwingine ataisoma kuwa 04:41 na ushahidi utasogea saa sita. Saa za kamera zote zilinganishwe na chanzo kimoja, kila siku.

Ukinakili rekodi, toa nakala mbili, chukua papo hapo alama ya SHA-256 ya faili (msimbo unaobadilika faili ikiguswa), andika nani amepokea na saa ngapi. Ukifika polisi, Kiswahili kitakusaidia sana. Maelezo yakishaandikwa, usiondoke kaunta bila namba ya SD (ya kitabu cha matukio cha kituo), kwani bila hiyo huna pa kuifuatilia kesi.