Nyonga iliyovunjika: kugusisha si kukanyaga

Karatasi ya kutoka wodini huwa na mstari mmoja tu: "Agusishe mguu wa kulia, wiki 6." Ukifika nao Mbagala, kila jirani ana tafsiri yake. Mmoja anasema usishushe mguu kabisa, mwingine anakwambia jikaze utembee usije ukalemaa.

Kugusisha maana yake unyayo unagusa sakafu ili usiyumbe, uzito karibu wote ukibebwa na mikono. Pima. Azima mizani ya kupimia uzito, weka mguu ulioumia juu yake, mguu usioumia ukanyage ubao wa kimo kilekile. Shikilia magongo, bonyeza polepole hadi mshale ufike kilo 10. Rudia mara kadhaa bila kutazama, mwingine akikusomea. Wengi huzidisha bila kujua, maana maumivu yakipungua mguu hujiona umepona kabla mfupa haujashika. Walioambiwa wakanyage kadiri maumivu yanavyoruhusu, hili haliwahusu.

Magongo yaache nafasi ya vidole 2 au 3 chini ya kwapa, kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono. Ukiyaegemea kwa kwapa, neva inabanwa, mkono unakufa ganzi. Mpira wa chini ukilika, badilisha. Kwenye vigae vyenye maji ni anguko la hakika. Ndala nazo weka pembeni.

Kinachosumbua zaidi ni choo. Kuchuchumaa kunakunja nyonga kupita nyuzi 90, na aliyevunjika kikombe cha nyonga (tundu linaloshika kichwa cha mfupa wa paja) kwa nyuma anaweza kukitegua kichwa hicho. Watu hutoboa kiti cha plastiki na kukiweka juu ya shimo. Wazo zuri, ila kiti kimoja kikishakatwa katikati kinalegea, miguu inatanuka, kinapasuka na mtu yuko juu yake. Afadhali fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya chuma yenye mipira miguuni, kimo chake kikufanye ukikaa magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kurudi upasuaji.

Ukiwa kitandani, vuta vidole vya miguu juu, sukuma chini, mara 20 kila saa ukiwa macho, miguu yote miwili. Damu isigande. Kigimbi kikivimba upande mmoja, kikauma na kuwa cha moto, shangazi asikichue kwa mafuta ya nazi hata kidogo: bonge la damu likichomoka huenda kwenye mapafu. Ita bajaji uende hospitali, siku hiyohiyo. Pumzi ikibana au kifua kikichoma, usingoje hata saa moja.