Nilifuata karoti mpaka Lushoto

Mi Lushoto kwa miaka yote nilikuwa naijua kwa mdomo tu. Ukienda gengeni hapa Dar ukauliza karoti za wapi unaambiwa za Lushoto, kabichi Lushoto, hoho Lushoto, hata yule kijana wa mkokoteni anayepita mtaani kwetu asubuhi akitaka ununue haraka anakwambia "dada hizi za Lushoto kabisa". Sasa Juni nilipopata siku nne za likizo nikasema safari hii siendi baharini, naenda kupaona.

Basi la alfajiri kutoka Mbezi, Chalinze, Segera, Korogwe, joto lile lile na mkonge kila upande mpaka Mombo. Pale Mombo ndo unaiacha barabara kuu ya kwenda Moshi unaanza kupanda, na ni kama kilomita 33 tu mpaka Lushoto lakini kona juu ya kona, mwamba upande huu na upande huu korongo mto unapita huko chini, alafu unashangaa madirisha yaliyokuwa wazi tangu Chalinze yanaanza kufungwa moja moja. Soni kuna maporomoko pembeni ya barabara kabisa, unayaona umekaa kwenye siti yako. Mi hapo nilikuwa nishajifunga vitenge viwili.

Mji wenyewe ni mdogo, unauzunguka kwa mguu ndani ya nusu saa. Uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, milima imeuzunguka, na asubuhi ukungu unashuka mpaka huoni duka la ng'ambo ya barabara. Wajerumani walipapenda kwa ajili ya hii baridi wakapaita Wilhelmstal, jina la mfalme wao. Na kuna kitu kimoja cha enzi hizo ambacho kimezunguka dunia nzima na sisi wengi hatujui kama ni chetu, ni lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoyamanyoya ambalo Ulaya na Marekani watu wanaliweka madirishani. Limetoka kwenye hii milima ya Usambara! Mtawala wa Kijerumani wa huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwao na mwaka 1893 likapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia, kwa jina lake yeye. Mi nililikuta limepandwa kwenye kopo la rangi kwenye baraza ya gesti niliyofikia.

Siku ya pili nikaenda Irente kwa mguu, ni mwendo wa saa moja na nusu hivi ukitembea taratibu kama mimi niliyekuwa nasimama kila shamba. Njiani wamama wanashuka na mizigo kichwani, mmoja akanisalimia "onga maundo", nikamjibu shikamoo mama, akacheka akaitikia marahaba mwanangu karibu Usambaani. Pale Irente ardhi inakatika ghafla tu. Unasimama kwenye mwamba na chini yako, karibu mita 1,000, unaona Mazinde na mashamba ya mkonge yamepangwa kama mkeka na nyuma yake nyika ya Wamasai mpaka macho yanachoka, gari kwenye barabara kuu linaonekana kama punje ya mchele inayotembea. Nilikaa pale mpaka jua likahama. Wakati wa kurudi nikapitia shamba la kanisa la Kilutheri hapo hapo Irente, wanatengeneza jibini na mkate na jamu zao wenyewe, kwa kweli ule mkate nitaurudia.

Msitu wa Magamba nilienda na kijana mwenyeji anayetembeza wageni, na nashauri usiende peke yako maana njia zinapotezana. Tuliona mbega, wale weusi wenye mabega meupe, juu kabisa, na kinyonga mwenye pembe mbili puani ametulia kwenye tawi la kichaka, yule kijana akaniambia wa aina ile hata kisayansi anaitwa Kinyongia, limetoka kwenye Kiswahili chetu hiki hiki.

Lakini kilichonipeleka ni karoti bwana. Siku ya tatu mama mmoja jirani na gesti, mkulima, akakubali niende naye shambani wanakong'oa. Shamba lake liko kwenye mteremko ambao mi kusimama tu nilikuwa nashika majani, amekata matuta ya ngazi ngazi na kila ukingo amepanda mabingobingo, mizizi inashika udongo usiporomoke na majani anakata kumpa ng'ombe wake wa maziwa aliye bandani, na samadi inarudi shambani. Nikamsifia matuta akaniambia mama yake alikuwa akisikia neno matuta anakasirika. Kumbe enzi za Mwingereza, kuanzia 1946, walilazimishwa kuchimba matuta kule bonde la Mlalo na sehemu nyingine za Usambara, kwa amri, na kazi kubwa ikawaangukia wanawake, watu wakagoma mpaka mpango wenyewe ukaachwa 1957. Leo hii wajukuu wanachimba wenyewe bila kusukumwa na mtu. Mi naona tofauti yote iko hapo, kitu kile kile, ila huyu mama amechimba pale anapoona yeye maji yanapita na la kule juu kaliacha maana anasema pale mwamba uko karibu.

Karoti zikishang'olewa zinapelekwa mtoni bondeni. Wanazimwaga kwenye mifuko, vijana wanaingia majini wanazikanyaga na kuzisuguasugua, maji yanapita mekundu ya udongo, ukizitoa zinang'aa rangi ya chungwa mpaka unatamani kuitafuna pale pale, na nilitafuna, ni tamu ajabu na ya baridi kama imetoka kwenye friji. Miguu ya wale vijana ilikuwa imekauka kwa baridi, mmoja ana kama miaka 18 akaniambia wameanza saa kumi na mbili asubuhi.

Alafu akaja dalali. Hapa ndo roho iliniuma. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, alafu juu yake linaongezwa kilemba kinachoshonewa kamba, kama gunia lingine kabisa limekaa juu, hiyo ndo lumbesa, na linalipwa bei ya gunia moja. Serikali imeipiga marufuku lumbesa muda mrefu lakini pale mtoni mizani haikuwepo. Nikamuuliza mama mbona unakubali, akaniambia mwanangu karoti ishaoshwa, ikilala siku mbili inanyauka, na Fuso linaondoka leo jioni, nikikataa atachukua kwa jirani. Mi ninayenunua karoti nne kwenye fungu na bado naomba nyongeza, nilikosa la kusema.

Jioni Fuso likaondoka na yale magunia, na mama akakusanya zile zilizokatika ambazo dalali hakuzitaka. Nikamuuliza pale ulipong'oa sasa unapanda nini, akasema maharage kwanza ili udongo upumzike, kabichi baadaye. Zile karoti zilizokatika akanijazia mfuko mzima, nikamwambia mama hizi ni nyingi akasema safari ndefu hiyo, na kweli kesho yake nilizitafuna kwenye basi na dada niliyekaa naye mpaka tukafika Segera.