Ulimbo kwenye bika

Leo nimeshinda na bika moja, gilasi ya maabara, tangu saa tatu asubuhi mpaka ikaadhiniwa alasiri.

Kazi yenyewe ukiisikia ni ya dakika kumi: kutengeneza myeyusho wa gliadini, miligramu moja kwa kila mililita. Gliadini ni kama nusu ya gluteni, ile protini inayonata ya ngano, nusu nyengine ni glutenini. Tunaitaka iwe ya kulinganishia tukipima gluteni katika unga wa muhogo, maana chakula kikizidi miligramu 20 kwa kilo hakiitwi tena kisicho na gluteni.

Nikapima miligramu 50, nikatia maji yaliyokenekwa mililita 50. Haikuyeyuka. Ilijikusanya ikawa kidonge kama punje ya mtama, kikanasa kwenye kijiti cha kioo, nikikivuta kinarefuka. Nikaongeza kasi ya sumaku ya kukorogea. Umeme ukakatika. (Hilo tumeshalizoea.)

Nikisubiri urudi, nikakumbuka fenesi. Kwetu Wete hukati fenesi mpaka upake mafuta mikono na kisu. Ulimbo ukishakunasa, utaosha kwa maji mpaka kesho. Una dawa yake. Na gliadini ina yake: pombe. Mmarekani Thomas Osborne alizigawa protini za ngano hivyo hivyo zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa kutazama kila moja inayeyuka katika nini. Haya niliyasoma, nikayajibu kwenye mtihani, nikafaulu. Asubuhi mkono umekwenda wenyewe kwenye chupa ya maji.

Tena si pombe tupu, hapo ndipo inaponichekesha. Ndani ya ethanoli safi inagoma, ndani ya maji inagoma, ukivichanganya 70 kwa 30 inakubali. Nikaanza upya: ethanoli mililita 70, maji hadi alama ya 100, gliadini kidogo kidogo, chupa imefunikwa pombe isiruke. Baada ya saa moja myeyusho ukawa mwangavu, nikawa nasoma lebo ya chupa iliyo nyuma yake.

Nikaharibu tena. Nilitaka kuuzimua kidogo, nikatia maji matupu. Papo hapo ukawa mweupe kama tui. Kumbe hata kuzimua ni kwa pombe ileile ya 70.

Nimefika nyumbani, mama kalinusa koti langu.

"Mwanangu, harufu gani hii?"

"Ngano, mama."

Kanitazama tu, kisha kalitupa koti kwenye beseni.