Feni Zazunguka, Skrini Giza

Kijana wa Langoni, hapa Lamu, kaniletea kompyuta yake imepakiwa kwenye mkokoteni. Mazabodi mpya (ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote vya ndani) kaagiza Mombasa, kaifunga mwenyewe. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini tupu. "Kaka, bodi mbovu hii, niirudishe?" Nikamwambia, tulia kwanza.

Mimi huanza na waya wa umeme wa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ule wa pini 8 kule juu pembeni. Wa pini 24, wa umeme wa bodi yenyewe, ni mkubwa, hausahauliki. Huu mdogo hufichwa na feni, na usipochomekwa mashine hupuliza upepo tu. Wake ulikuwa sawa. Nikachomoa ramu zote, vile vibao vya kumbukumbu, nikasugua meno yake kwa ufutio wa penseli (hewa ya chumvi ya Lamu haina huruma na vyuma), nikarudisha moja, nikaisukuma hadi ikalia *ta!* Bado giza.

Ndipo nikazunguka nyuma. Waya wa HDMI, ule wa kupeleka picha kwenye skrini, kauchomeka kwenye tundu la mazabodi, na kadi ya grafiki, kifaa cha kutoa picha, ipo chini yake imekaa bure! Prosesa yake ni i5-10400F. Hiyo F maana yake haina grafiki ya ndani, kwa hivyo tundu lile la bodi haliwezi kutoa picha, hata ungoje hadi Maulidi. Nikauhamishia kwenye kadi, picha ikaja papo hapo.

Alitaka kunilipa, nikachukua ya soda. Sasa Windows inadai leseni upya, kwani kwa bodi mpya inaiona ni kompyuta nyingine. Hilo tumeliweka kesho baada ya sala ya Ijumaa.